Kabla ya kulala kitandani ukandwe: Mambo ya kutarajia na yale ya kukataa

KAZI nyingi za Ukambani ni kazi za kuinama. Mkulima wa Mbooni au Kilungu huinama akichimba mitaro ya fanya juu, akitupa udongo upande wa juu wa mteremko ili mvua isiubebe. Wa Mwingi huinama siku nzima aking'oa ndengu. Msusi wa kiondo hukaa shingo ikiwa imelala upande mmoja kwa saa kadhaa. Na kiangazi kinapokaza, akina mama huchimba visima katika mchanga wa mito ya msimu kama vile Tiva na Thwake, wakateka maji kata kwa kata, kisha wakabeba mtungi mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzani wa kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe.

Si ajabu, basi, kwamba maumivu ya mgongo, shingo na mabega ni malalamiko ya kila siku katika kaunti za Kitui na Makueni. Wala tatizo hili si la Ukambani pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, yaani takriban mtu mmoja katika kila 13.

Mtu akilalamika, shauri la kwanza analopewa na jirani ni moja: nenda ukandwe. Shauri hilo si baya. Tatizo ni kwamba wengi huenda bila kujua kinachopaswa kutendeka huko, na huenda wakiwa na imani mbili ambazo zimewagharimu baadhi ya watu afya yao. Ya kwanza ni kwamba kadiri mkono unavyoumiza ndivyo unavyoponya. Ya pili ni kwamba aliyelala kitandani hana la kusema. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua yale unayopaswa kutarajia, na nyakati ambazo hupaswi kukubali kukandwa kabisa.

Ni nani atakayekukanda?

Kuna milango mitatu ambayo mgonjwa wa eneo hili huweza kubisha. Wa kwanza ni wa mkandaji wa kijijini, mara nyingi mama au mzee aliyerithi kazi hiyo kwa wazazi wake, ambaye hukanda misuli, huunga mifupa, na wakati mwingine hukanda matumbo ya waja wazito. Wa pili ni wa idara ya fiziotherapia hospitalini, kama zile zilizo katika hospitali za rufaa za kaunti mjini Kitui na Wote. Wa tatu ni wa vyumba vya masaji vya mijini, ambavyo vingine vina watu waliosomea kazi yao na vingine havina.

Tofauti kubwa baina ya milango hiyo ni mafunzo na uwajibikaji. Mtaalamu wa fiziotherapia amesomea maumbile ya mifupa, misuli na neva, na amefunzwa kutambua maumivu ambayo chanzo chake si misuli. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia mwaka wa 2014, wanaofanya kazi hiyo nchini Kenya wanatakiwa kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Fiziotherapia. Una haki ya kuuliza kama anayekuhudumia amesajiliwa, na asiwe na sababu ya kukasirika. Kuuliza si ujinga.

Hilo halimaanishi kwamba mkandaji wa kijijini hana ujuzi. Wapo wenye mikono myepesi na uzoefu wa miaka mingi, ambao hujua mipaka yao na humwambia mgonjwa waziwazi, "Hili si langu, nenda hospitali." Huyo ndiye wa kumwamini. Wa kuogopwa ni yule asiyewahi kumrudisha mtu hata mmoja.

Kukanda hufanya nini mwilini?

Misuli iliyochoka au kuumia hukaza ili kujilinda. Mkono unaposugua na kubonyeza taratibu, joto huongezeka katika ngozi na nyama iliyo chini yake, misuli hulegea, na neva hupeleka kwa ubongo habari za mguso ambazo hupunguza ukali wa habari za maumivu. Mtu hutulia, hupumua vyema, na usiku hupata usingizi. Hizo ni faida za kweli.

Mwezi Desemba mwaka wa 2023, WHO ilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima. Mwongozo huo umetaja kukandwa miongoni mwa tiba zinazoweza kutumiwa, lakini haukukupa nafasi ya pekee. Umekuweka pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa, na msaada wa kisaikolojia. Maana yake ni kwamba kukandwa hufungua mlango tu. Nafuu yake aghalabu ni ya muda mfupi, na hudumu pale tu mgonjwa anapoitumia nafasi hiyo kunyoosha na kuimarisha viungo vyake.

Yapo pia mambo ambayo kukanda hakufanyi. Hakutoi "sumu" mwilini, kwani kazi hiyo ni ya figo na ini. Hakurudishi diski ya uti wa mgongo mahali pake kwa nguvu za kidole gumba. Na ule usemi kwamba "mishipa imepandana" ni njia ya kueleza misuli iliyokaza, si mishipa iliyopanda juu ya mingine kweli. Ukiahidiwa kwamba ugonjwa wako wa kisukari, shinikizo la damu au ugumba utaondoka kwa kukandwa, shika njia urudi nyumbani.

Mazungumzo kwanza, mikono baadaye

Jambo la kwanza unalopaswa kutarajia ni maswali. Katika ziara ya kwanza, mtaalamu mzuri hatakugusa kabla ya kuzungumza nawe kwa dakika kadhaa. Atataka kujua maumivu yalianza lini na yalianzaje. Kama yanashuka hadi mguuni au yanabaki mgongoni. Yanazidi wakati gani wa siku. Unafanya kazi gani na unabeba nini. Kama umeanguka, umefanyiwa upasuaji, au una mimba. Na dawa unazotumia, hususan za kupunguza kuganda kwa damu, za kisukari na za shinikizo.

Usifiche chochote. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika chumba hiki methali hiyo ina maana ya moja kwa moja. Mama aliyeona aibu kusema kwamba anavuja mkojo tangu mgongo uanze kumuuma, anaweza kuwa ameficha dalili iliyo muhimu kuliko maumivu yenyewe.

Baada ya maswali, atakuomba usimame, uiname, ugeuke, utembee, labda unyanyue mguu ukiwa umelala chali. Anapima ni kiungo gani hakisogei sawasawa na ni misuli ipi iliyo dhaifu. Ukiona mkandaji ameanza kusugua papo hapo bila swali hata moja, huo ni upungufu wa kwanza.

Kisha akueleze anachokusudia kufanya, na akuombe idhini. Hii si hisani yake. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inasema mgonjwa asipewe huduma bila ridhaa yake baada ya kuelezwa, nayo Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu. Idhini uliyotoa mwanzoni unaweza kuiondoa wakati wowote, hata katikati ya kikao.

Kuvua nguo na kulala

Hapa ndipo wengi husita, hasa wazee. Ukweli ni kwamba huhitaji kuvua zaidi ya sehemu inayotibiwa. Anayetibiwa bega hutoa bega. Anayetibiwa mgongo hufunua mgongo. Mtaalamu hutoka nje au huvuta pazia wakati ukivua, na sehemu nyingine zote za mwili hufunikwa kwa shuka au leso. Hakuna tiba ya mgongo, shingo au goti inayohitaji kugusa sehemu za siri au matiti. Mkono ukielekea huko bila maelezo na bila ridhaa yako, hiyo si tiba. Inuka, vaa, na uripoti kwa wasimamizi wa kituo au kwa polisi.

Mwanamke anaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, na mwanamume vilevile. Pale ambapo hakuna chaguo, omba jamaa akae nawe chumbani. Binti wa kumsindikiza nyanya yake si usumbufu kwa mtu yeyote. Kijana wa hospitali aliyelelewa vyema humwita mgonjwa mwenye umri mkubwa "mwaitu" au "susu", humwamkia kwanza, na humweleza kila hatua kwa Kikamba kama Kiswahili kinamtatiza. Heshima hiyo yenyewe hulegeza misuli.

Utalala kifudifudi, ubavu au chali, kutegemea mahali panapouma. Asiyeweza kulala kifudifudi, kwa sababu ya mimba, tumbo au pumzi, huwekewa mito au huketi akiegemea kiti. Mkandaji anapaswa kuwa amenawa mikono na kukata kucha. Atatumia mafuta mepesi, losheni au dawa ya kuchua ili mkono uteleze. Ikiwa mafuta fulani hukuwasha, sema mapema. Dawa za kuchua zenye ukali zisipakwe penye kidonda wala karibu na macho.

Mara nyingine hutumiwa kitambaa cha maji moto kabla ya kukanda. Wenye kisukari wajihadhari. Ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu, na mtu akaungua bila kujua hadi aone malengelenge. Waambie wahudumu kabla ya kitambaa kuwekwa.

Mikono inapoanza kazi

Kikao huanza kwa miguso mipana na mepesi, kiganja kizima kikipita juu ya ngozi, ili misuli ipate joto na mkandaji atambue palipokaza. Hufuatiwa na kufinyanga, mfano wa mtu anayekanda unga wa chapati, kisha kubonyeza kwa kidole gumba au kiwiko penye fundo la misuli, na kusuguasugua kwa ncha za vidole. Mwishoni mikono hurudi kuwa myepesi. Sehemu hii ya kukanda mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20. Muda uliosalia ni wa vipimo na mazoezi. Katika hospitali ya umma yenye foleni ndefu, inaweza kuwa fupi zaidi.

Je, itauma? Kidogo, ndiyo. Fundo la misuli likibonyezwa huleta maumivu ambayo wengi huyaita "matamu", yale ya kuumwa huku unahisi nafuu. Lakini kuna mpaka. Hesabu maumivu kuanzia sufuri hadi kumi, ambapo kumi ni yale yasiyovumilika. Yakipita nne au tano, sema. Ukijikuta umeshika pumzi, umekunja ngumi au umeuma meno, mwili umeshaanza kujikinga, na misuli inakaza badala ya kulegea. Mkandaji anayekujibu "vumilia, ndiyo dawa" anafanya kazi kinyume na lengo lake.

Maumivu ya aina nyingine hayana hata nafasi ya kuvumiliwa. Yakichoma kama umeme, yakishuka mguuni au mkononi, au yakifuatwa na ganzi, mwambie aache mara moja. Hiyo ni dalili kwamba neva inaguswa.

Hulazimiki kuzungumza, wala hulazimiki kunyamaza. Wapo wanaosinzia. Wapo wanaotokwa na machozi bila kujua sababu, kwa kuwa mwili uliobeba mengi hulegea ghafla. Hakuna la kuonea haya.

Baada ya kuinuka

Usishuke kitandani kwa haraka. Keti kwanza kwa dakika moja au mbili, kwani baadhi ya watu, hasa wazee na wanaotumia dawa za shinikizo, huhisi kizunguzungu. Kesho yake unaweza kuhisi uchovu wa misuli kama wa mtu aliyelima baada ya kupumzika muda mrefu. Huisha ndani ya siku moja au mbili. Kama unazidi, au kama umeachwa na alama nyeusi za damu kuvilia, uliminywa kupita kiasi.

Tarajia kupewa kazi ya nyumbani. Mtaalamu wa kweli hataki umtegemee milele. Atakufundisha mazoezi mawili au matatu: kuvuta magoti kifuani ukiwa umelala, kuinua nyonga, kunyoosha shingo. Atakufundisha pia jinsi ya kuinua mzigo kwa nguvu za mapaja, ukiuweka karibu na kifua, badala ya kuuvuta kwa kiuno. Atauliza kama mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kugawanywa kuwa miwili ya lita 10, au kama punda na mkokoteni vinaweza kupatikana. Maswali hayo ni sehemu ya matibabu.

Vikao huwa vinne, sita au zaidi kulingana na hali. Ikiwa hakuna nafuu yoyote baada ya wiki kadhaa, usiongeze vikao tu; omba uchunguzi upya.

Wakati wa kukataa

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote, na inafaa kusomewa wazee nyumbani.

Usikubali kukandwa *mguu mmoja uliovimba ghafla*, ulio na joto na unaouma kwenye ndama. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hii huongezeka baada ya upasuaji, baada ya kujifungua, baada ya kulala kitandani siku nyingi, au baada ya safari ndefu ya basi. Donge hilo likisukumwa na mikono, laweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kuua kwa muda mfupi. Mguu wa aina hiyo ni wa daktari, siku iyo hiyo.

Usikubali kukandwa *mahali palipovunjika au panaposhukiwa kuvunjika*. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe na mkono ukapinda anahitaji picha ya eksirei. Kusugua mfupa uliovunjika huweza kukata mishipa ya damu na neva. Na vijiti vikifungwa kwa kukazwa mno, damu haipiti. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi au kubadilika rangi, fungua kamba na ukimbie hospitalini. Kuna watu waliokatwa mkono si kwa sababu ya kuvunjika, bali kwa sababu ya kufungwa.

Usikubali *tumbo la mimba kukandwa kwa nguvu*, wala mtoto aliye tumboni kugeuzwa kijijini. Kondo la nyuma linaweza kuachana na ukuta wa mfuko wa uzazi, mama akavuja damu na mtoto akafa. Mgongo na miguu ya mja mzito huweza kukandwa taratibu na mtu anayejua, baada ya mkunga wa kliniki kuarifiwa. Ikiwa mtoto amekaa vibaya, kuna njia salama za kumsaidia hospitalini.

Ahirisha pia ukiwa na homa, kidonda kilicho wazi, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, au uvimbe usiojulikana. Aliye na saratani, aliye na mifupa dhaifu kwa sababu ya umri, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kwanza.

Fauka ya hayo, kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya misuli kamwe. Yakiambatana na homa, kutokwa jasho usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa ukigunduliwa mapema na unaopindisha mgongo na kupoozesha miguu ukicheleweshwa. Na mgongo ukiuma huku miguu ikiishiwa nguvu, sehemu ya kukalia ikifa ganzi, au mkojo na haja kubwa vikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura. Kila saa inayopotea kwa mkandaji ni saa inayopotea kwa neva.

Gharama

Bei hutofautiana kati ya hospitali ya umma, ya misheni na chumba cha kibinafsi. Uliza gharama ya kikao kimoja na idadi ya vikao kabla ya kuanza. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka wa 2024, ina masharti yake. Uliza dirishani ni huduma gani inalipiwa katika kituo hicho. Beba kadi ya kliniki, picha za eksirei za zamani na dawa unazotumia. Vaa nguo pana iliyo rahisi kuvua. Usile chakula kizito muda mfupi kabla ya kwenda.

Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kubwa la wakulima wa Ukambani, huja na jembe, mbegu na migongo inayouma. Wengi watakandwa msimu huo, na wengi watapata nafuu. Anayejua la kuuliza, la kueleza na la kukataa ndiye atakayeinuka kitandani akiwa salama. Mkandaji bora hatakasirishwa na maswali yako. Atafurahi, maana mgonjwa anayesema panapouma ndiye mwongozo bora wa mikono yake.